Demo ya death metal ya marehemu baba imetolewa upya, nikajua tunapigwa

Wakuu salamu, na wakubwa wote shikamooni.

Huwa nasoma nyuzi zenu naondoka kimya kimya. Niko form three na hata darasani naogopa kunyoosha mkono. Haya nimeyatoa kwenye diary yangu, sijatia chumvi.

Baba alifariki nikiwa mdogo, sauti yake siikumbuki. Hatuna video wala voice note, tuna picha ya harusi tu.

Jumapili tumetoka kanisani, akaja Anko Feliksi, anauza vitunguu Dumila. Sikuwahi kumwona. Ana spika mkononi na kanda mpya, bado iko kwenye nailoni.

"Shemeji, wazungu wametoa upya demo zetu!"

Zamani yeye na baba walikuwa na bendi ya death metal kule kwetu Mgeta. Ya Kikristo, wakuu. Gitaa linakoroma, mwimbaji anaunguruma kama lori la kabichi linalopanda mlima, halafu maneno yote ni ya kumsifu Yesu. Walirekodi kwenye stoo ya kabichi. Sasa jamaa mmoja wa nje anayekusanya muziki huo ameisafisha demo na kuitoa upya.

"Anayeunguruma nani?" mama akauliza.

"Si mumeo!"

"Feliksi, mume wangu alikuwa anaona haya hata kupiga chafya kanisani."

Anko akaupiga muziki kutoka kwenye simu yake. Nilitegemea nitalia, nikaogopa. Ile sauti ingeweza kuwa ya mtu yeyote. Hata ya mbwa.

Nikaanza kujiuliza. Miaka yote huyu anko alikuwa wapi? Mbona kwenye kava la kanda baba kageuza mgongo? Siku hizi si AI inatengeneza chochote? Halafu akatoa lake: anataka kumrekodi mama video ya kumtumia yule mzungu, aseme ile ni sauti ya marehemu.

Nikamnong'oneza, "Mama, usikubali."

"Siwezi kushuhudia ngurumo," mama akamwambia.

Anko akanuna, akarudi kwenye chai yake. Wimbo wa mwisho ukaisha. Zikabaki zile kelele za kanda, shhhh.

Halafu mtu akasema taratibu, sauti ndogo, kama anaomba radhi: "Amina. Zima, Feli."

Mama akaweka chini sahani ya mihogo.

Ikasikika tap, kitufe cha redio. Na baada ya tap, kwaya! Wanawake, kinanda, na binti mmoja anaongoza.

"Huyo ni mimi," mama akasema.

Anko akaacha kutafuna. Akaeleza kwamba hawakuwa na kanda tupu. Enzi hizo mnachukua ya zamani, mnaziba vitundu vyake vya juu kwa selotepu ili ikubali, mnarekodi juu yake. Baba alileta moja, akasema haina kazi.

"Mzungu aliniuliza hii kwaya aifute? Nikamwambia iache, ni baraka."

"Baraka?"

Wakuu, ile ilikuwa kanda pekee ya kwaya yao, ya kupeleka redioni, na mtunzaji alikuwa mama. Ilipopotea, wenzake wakasema kaificha makusudi ili wasitoke. Akaacha kwaya. Mimi nimekua namwona anakaa benchi la nyuma, mdomo kaufunga, nikadhani hajui kuimba.

Akaomba irudishwe nyuma kidogo. Amina. Zima, Feli. Tena. Mara ya tatu ndipo mimi nikalia.

Anko akanyanyua simu, safari hii mama hakukataa. Akaitazama kamera.

"Ni yeye. Ni mume wangu. Na hiyo kanda alinisaidia kuitafuta. Alisogeza hadi kabati."

Nilichojifunza: mchana kutwa nimemkodolea macho Anko Feliksi kama mwizi, na mwizi yuko ukutani, kavaa suti ya harusi, anatabasamu. Na bado nampenda. Sijui hili linaitwaje.

Sasa mama anataka twende Mgeta, akawakusanye wanakwaya wenzake wasikilize. Nikamwambia tuwapeleke moja kwa moja mwisho, kwenye kwaya.

Amekataa. "Walininyamazia miaka yote. Watasikiliza toka mwanzo."

Hao ni bibi za watu, wakuu. Nyie mngemsindikiza? Niambieni hapo chini, nitasoma zote hata nisipojibu.