Fundi wa Mitambo, Mwanamke

Nyumbani walimwita Profesa tangu akiwa na kaptura, na jina likamganda hadi utu uzima. Kazi yake ilikuwa utafiti wa kodi za makampuni katika taasisi moja ya serikali, kwenye chumba chenye feni inayolalamika kutwa. Ukimuuliza anafanya nini hasa, alikueleza mpaka ukapiga miayo. Aliyemfikisha hapo ni dada yake mkubwa, aliyeacha shule akaingia kiwanda cha nguo ili yeye asome. Hilo Profesa hakulisahau, nampa haki yake.

Dada alianza kwa kufagia nyuzi sakafuni, akajifunza mashine kwa kuchungulia, mpaka akawa fundi wa mitambo. Wanaume wa pale walimkejeli hadi siku mashine zao zilipogoma. Hapo adabu ikawarudia.

Mwaka huo Profesa alipewa kazi ya kuchunguza msamaha wa kodi. Sheria ilisema kampuni mpya isilipe kodi ya faida kwa miaka mitano ya mwanzo, eti ipate nguvu ya kuajiri watu. Akahangaika na takwimu, wapi. Jumapili moja akamuuliza dada yake tu, katika kupiga soga, na dada akacheka. Kumbe kiwanda chao, kila msamaha ukikaribia kuisha, hufungwa siku chache, hubandikwa kibao chenye jina jingine, kisha hufunguliwa kama kampuni mpya. Mashine zilezile, bosi yuleyule. Wafanyakazi nao husainishwa upya kana kwamba wameingia jana, na miaka yao yote ya utumishi, ambayo ndiyo kiinua mgongo chao, inakwenda na maji.

Profesa aliweka kikombe chini. Akaomba ayaandike hayo. Dada alisita, maana kibao kipya kilitarajiwa mwaka uliofuata, na yeye angestaafu muda mfupi baada ya hapo. Sheria isiporekebishwa, angetoka pale mikono mitupu baada ya kukiachia kiwanda ujana wake wote. Mwisho akakubali. "Andika," akamwambia, "lakini mimi nisionekane."

Profesa akaapa, na wala hakudanganya, maskini. Alifanya kama wanavyofanya wote pale taasisini: jina unalifuta, unaacha kazi, jinsia na umri, ili msomaji ajue anayesema ni mtu wa namna gani. Chini ya maneno ya dada akaandika: fundi wa mitambo, mwanamke, miaka hamsini na mbili. Wakubwa zake wakasoma, wakapitisha. Kisha, kwa utaratibu wao, rasimu ikapelekwa kwa makampuni yaliyochunguzwa ili yatoe maoni.

Hebu niambie, katika kiwanda kama kile mafundi wa mitambo wanawake wanakuwa wangapi? Vichwa vyote vile vilivyosoma, hakuna kimoja kilichojiuliza. Bosi wa kiwanda hakuhitaji hata kufikiri. Asubuhi iliyofuata dada alizuiwa getini na mlinzi ambaye juzi tu walikuwa wakitaniana, akakabidhiwa spana zake kwenye mfuko wa nailoni. Inauma, jamani, msinizuie kusema.

Ripoti ilizinduliwa kwa makofi na picha. Mawaziri wakaisifu, wakaiweka kabatini. Wenye viwanda, ambao hata kabla ya ripoti walikuwa wakidai bungeni muda uongezwe, walilalamika kwamba miaka mitano ni michache, ndiyo maana watu wanahangaika kubadili majina, na bunge likawasikiliza wao.

Profesa alikwenda kwa dada yake akiwa amenyong'onyea. Alimkuta amekaa kizingitini, mikono mapajani, grisi ya miaka yote ile bado haijatoka kwenye kucha. Akaanza kueleza utaratibu wa rasimu, jinsi kila mtafiti anavyofuta majina, jinsi ambavyo hakudhani. Dada alimwacha amalize. Hakugomba, na hilo ndilo lililomwumiza Profesa zaidi, kwa sababu alikuwa amejiandaa kutukanwa.

"Na sheria wameibadilisha?" dada akauliza.

"Wameibadilisha," akajibu. "Msamaha sasa ni wa miaka kumi. Hata kwa kampuni zilizopo."

Midomo ya dada ilichezacheza kama ya mtu anayejumlisha kitu.

"Kumi," akasema. "Kumbe ningenyamaza, ningestaafu kabla hawajabadilisha kibao."