Nilimwacha Aombe Radhi kwa Kosa la Parser Yangu

Ndugu wasomaji, nianze na ukweli niliouficha: dada niliyekuwa nikimfundisha hakukosea. Nilikosea mimi, tena nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikamtazama akiomba radhi.

Mimi ni Mkongo, naishi mtaa wa Glenwood hapa Durban, Afrika Kusini, natengeneza simu kwenye duka moja la sokoni Warwick. Kuandika programu nimejifunza mwenyewe, kidogo kidogo. Mwaka jana nikapata wazo lililonivimbisha kichwa: kutunga lugha ya kompyuta yenye maneno ya Kiswahili, ili watu wetu wa kanisani wajifunze bila kuhangaika na Kiingereza. Unaandika "ikiwa", unaandika "rudia", kompyuta inatii.

Kazi ngumu ilikuwa parser, yaani ile sehemu inayosoma ulichoandika na kukielewa kabla kompyuta haijaanza kutenda. Kisha nikaongeza makro: kazi ya mistari mingi unaipa jina moja, na kila unapolitaja jina hilo, parser inaifungua mistari yote mahali pake. Nilijiona profesa!

Ubaya wangu ulianzia hapa. Mara ya kwanza nilipoionyesha kanisani, baada ya ibada, parser ilikwama mbele ya watu na kujaza skrini maneno mekundu. Watu wakacheka. Hawakuwa na nia mbaya, lakini mimi nina kiburi, nasema wazi. Nilirudi nyumbani nikaibadilisha: ikikuta kitu isichokielewa, ikiruke kimya kimya na kuendelea. Tangu siku hiyo haikuonyesha kosa hata moja. Wakanisifu, nami nikazipokea sifa!

Nilijua pia kwamba makro ikiwekwa ndani ya makro nyingine, parser haiwezi kuifungua. Inairuka. Kila wiki nilijiambia nitarekebisha wiki ijayo.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa dada mmoja Mrundi, msusi wa saluni kule Overport. Nitamwita Furaha, ingawa si jina lake. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi kwa miaka ya kusuka, na alitaka apate kazi nyingine kabla mikono haijamkatalia kabisa. Kituo kimoja cha mafunzo ya kompyuta kilikuwa na nafasi moja tu, ya mtu atakayeonyesha programu aliyoiandika mwenyewe.

Furaha akaandika programu ya kupanga wateja wa saluni. Ilikuwa safi! Sehemu ya kuangalia kama kiti tayari kina mtu aliiweka kwenye makro, na makro hiyo akaiweka ndani ya nyingine. Ndivyo nilivyomfundisha, asirudie kuandika kitu kilekile. Nikaisoma juu juu, nikamwambia iko sharp, haina kasoro.

Siku yenyewe, nikiwa nimekaa nyuma yake pale kituoni, watu watatu waliokuwa wakipima kazi wakaingiza wateja wawili, saa ileile, kiti kilekile. Programu ikawakubali wote wawili.

Mmoja wao akamuuliza kwa upole kama aliwahi kulifikiria jambo hilo. Furaha akaipitia mistari yake kwa kidole. Ile sehemu ya kuangalia kiti ilikuwapo. Akageuka kuniangalia. Mimi nilikuwa nimeshaelewa: parser ilikuwa imeiruka ile makro ya ndani. Lakini muda mfupi kabla ya hapo mkubwa wao alikuwa ameisifu lugha yangu, akaniambia nije tuzungumze habari ya kufundisha pale. Nikainamia simu yangu, kana kwamba kuna ujumbe.

"Pole, ni mimi niliipanga mbaya," Furaha akawaambia. "Mashine haiko na shida."

Nafasi akapewa mtu mwingine.

Kwenye teksi ya kurudi ni yeye aliyenibembeleza! Aliniomba msamaha kwa kuiaibisha lugha yangu. Nami nikamjibu si neno, atajaribu tena. Eish, Mungu anisamehe.

Baada ya hapo hakuja tena kujifunza. Niliirekebisha parser kwa mchana mmoja tu. Mchana mmoja, jamani! Wiki ya tatu nikashindwa kula, nikaenda saluni. Nikamweleza yote nimesimama, mteja wake akitusikiliza na kututazama kwenye kioo. Furaha hakuacha kusuka.

"Ulijua palepale, ao ulijua nyuma, tukiisha kutoka?" akauliza.

"Palepale."

Akafunga kwanza ule msuko.

"Nafasi ingine inaweza kuja, kaka. Lakini nilifika nyumba nikaambia bwana yangu niko mjinga, nimeacha. Na nilikuwa nimekubali ni kweli."

Akatikisa vidole ili damu irudi, akachukua nywele nyingine, akaniomba nisogee maana nilikuwa namzibia mwanga.

Kile kituo nilikiandikia ukweli wote. Wakajibu kwamba nafasi imeshajazwa, na mimi hawakuniita tena. Hilo nimelistahili.

Wewe unayetengeneza kitu ambacho wenzako watakitegemea, kiache kilalamike kinaposhindwa, hata mbele ya wageni, hata ukichekwa! Na ukimsikia mtu anaomba radhi kwa kosa lako, simama hapohapo useme ni lako, kabla hajaamini kwamba ni lake. Mimi nilichelewa wiki tatu. Furaha bado anasuka.