Gauni Lililoshonwa kwa Ahadi ya Simu

Sote tuliokuwa kwa fundi cherehani wa mtaa wa Ingleburn tunakubaliana kwamba zipu ya gauni la mama mmoja ilikwama katikati ya mgongo, na kwamba harusi ya binti yake ni Jumamosi ijayo.

"Mama, nilitaka kukupima wewe," fundi alisema, pini zikiwa midomoni. "Ukaniambia nishone kwa vipimo ulivyotabiriwa na programu ya simu."

"Simu iliahidi nitapungua kilo sita kwa wiki nane. Nami niliandika humo kila tonge nililokula."

"Hata la ugenini?"

Mama alishusha mikono, akamtazama kama aliyetukanwa. "Dada, chakula cha watu kinahesabiwa? Si kumdharau mwenyeji?"

"Na umealikwa mara ngapi?"

"Kila Jumapili. Si tuna harusi?"

Kwa haki, simu ilijumlisha sawasawa ilichoambiwa. Kosa lake ni kuuwekea tarehe mwili ambao haukutia saini mkataba wowote. Hata tulipokuwa tukiondoka, bado ilikuwa ikimpongeza kwa kilo alizopungua.

Fundi ameongeza kipande cha rangi nyingine mgongoni, na mama atasimama nacho mbele ya kanisa zima. Alaumiwe nani: simu, mama, au wenyeji waliomwongezea pilau? Ushahidi ndio huo, msomaji. Hukumu ni yako.