Fimbo Niliyoipaka Samli Siku ya Fainali

Leo nacheka, lakini siku ile pale Singida Mjini, jamani, mbele ya baba yangu mzazi, kungekuwa na shimo la panya ningeingia nikalala humo.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nasoma shule ya misheni kule Iramba, na padri wetu, Mwairishi, alituletea mchezo wa kwao unaoitwa halingi, yaani mnagombania kampira ka ngozi kwa fimbo zenye bapa mwishoni (sisi watoto wa wafugaji tukaona tumepewa ruhusa ya kuchapana). Akaanzisha mashindano ya shule za misheni, tukazifunga shule za watu msimu mzima mpaka tukafika fainali pale Singida Mjini, na mshindi angepewa ng'ombe dume mwekundu wa kuchinja.

Baba naye akaja kutoka Misigiri, kwa miguu. Kaka yangu alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye mkonge, ng'ombe hawana mchungaji, na baba alishaniambia, "Nakuja kuona hiyo shule yenu inawafundisha nini. Nikikuta mnacheza tu, unarudi nami nyumbani." Mimi shule niliipenda kuliko chakula, na chakula nilikipenda sana.

Sasa asubuhi ile nikaamua kumfurahisha mzee. Kwetu fimbo mpya hupakwa samli kidogo isipasuke, basi nikaipaka yangu, nikaona haitoshi, nikaongeza, nikaongeza tena, ikang'aa hata padri akaisifia.

Tuko sare, mchezo unakaribia kwisha, mpira ukanijia vizuri kabisa, nikainua fimbo kwa nguvu zangu zote, na fimbo ikaondoka. Mpira ukabaki palepale. Fimbo ikapita juu ya goli la wapinzani, ikatua mgongoni kwa yule dume aliyefungwa kwa nyuma, naye akakata kamba akaingia uwanjani. Hapo mechi ikasahaulika, maana karibu wote sisi ni wachungaji, na nani atatazama mpira ng'ombe akitoroka? Timu zote mbili, golikipa wetu akiwa wa kwanza, tukamfukuza kuelekea ziwani, kila mtu anapiga mluzi wa kwao. Nikawahi kuidaka kamba, ila mikono bado ina samli, kamba ikateleza, nikaenda kifudifudi kwenye tope la ziwa Singidani.

Aliyebaki uwanjani ni mpinzani mmoja tu, mtoto wa fundi cherehani wa mjini (kwake ng'ombe ni nyama, basi). Akausukuma mpira taratibu, bila haraka yoyote, mpaka kwenye goli letu tupu. Padri, ambaye ndiye alikuwa refa, akapuliza filimbi. Goli. Dume alipokamatwa wakamla wao.

Nikarudi nimejaa tope, nikamkuta baba amesimama na padri.

"Shikamoo, baba."

Nikajua shule imekwisha, machozi yakaanza kunitoka. Baba akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akamgeukia padri.

"Padri, fimbo imemshinda, kamba imemshinda, dume amemshinda. Nikimkabidhi ng'ombe wangu atawamaliza. Kaa naye huyu, mfundishe kusoma."

Basi nikakaa, nikasoma, mpaka nimestaafu ualimu. Na samli naila kwa ugali tu. Kwenye fimbo sipaki tena.