Mstari wa Saba

Jipu lililooza lina harufu yake, na ukishalala nayo chumba kimoja haikutoki puani. Leo nina nyumba ya ghorofa hapa Mbagala, nina malori matatu ya mchanga na vijana wanaoniita bosi, na vyote nimevipata kwa mikono hii, mtu wa darasa la saba, bila mjomba serikalini. Lakini nikiisikia harufu ile narudi kuwa na miaka kumi na moja, nimekaa mkekani karibu na dada yangu Tumaini.

Baba aliongoza kikundi cha maombi kilichokutana uani kwetu. Kwao kidonge kilikuwa dhambi. Aliyeonekana dukani ananunua dawa ya kichwa alisimamishwa mbele za watu akatubu. Biblia Baba aliijua kwa kichwa, ila macho yake yalikuwa mabovu, hivyo msomaji nilikuwa mie. Nilijisikia sana, kitoto kile kinasoma na watu wazima wamenyamaza! Baba alitaja sura, nikasoma, na alipoinua kiganja na kusema, "Inatosha," nikafunga. Kuifungua peke yako kulihesabiwa kiburi.

Tumaini aliota jipu pajani. Wiki ya pili hakuweza kusimama. Mama Shabani, jirani yetu, akaita kutoka upande wa pili wa ua:

"Baba Tumaini, mtoto anaoza huyo! Mpelekeni hospitali, nauli natoa mie!"

"Ahsante, jirani. Daktari wetu yupo."

"Basi mwambieni afanye haraka!"

Mama aliinamia beseni la vyombo, akaendelea kusugua. Mchana ule Baba akataka habari za mfalme Hezekia. Nikasoma: mfalme mgonjwa wa kufa, akalia mbele za Mungu, akaongezewa miaka kumi na mitano. Tumaini akanigeuzia macho.

"Na mie ataniongezea?"

"Inatosha," Baba akasema, kiganja juu. Sikujua alimwambia nani. Nikafunga kitabu. Siku ya tatu tukamzika. Alikuwa na miaka kumi na minne.

Kikundi nilikihama nilipoanza kubeba mchanga, na Biblia sikuigusa tena mpaka mwaka jana, siku lori lilipoharibika nami nikakaa kumsubiri fundi. Biblia ya mke wangu ilikuwa kwenye dashibodi. Nikamtafuta Hezekia, nikafuata mistari kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikafika wa sita, na hakuna aliyesema inatosha. Nikasoma wa saba. Nabii mwenyewe anaagiza mkate wa tini, wanauweka juu ya jipu, mfalme anapona. Jipu! Wala sikuwahi kujua mfalme aliugua nini. Nikarudia mara nne, nikadhani macho yangu nayo yameharibika.

Baba anaishi kwangu sasa, sukari imemla mguu. Nikaingia chumbani kwake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Nikamsomea. Kwenye mstari wa sita kiganja kikapanda. "Inatosha, mwanangu."

Nikaendelea mpaka mwisho wa ule wa saba. Kiganja kikashuka.

"Huo naujua," akasema.

"Tangu lini?"

"Siku zote."

Siku hizi mwanangu akikohoa tu namkimbiza hospitali, watu wanasema najionyesha. Waseme. Kila asubuhi nesi niliyemtafuta mwenyewe anakuja kufungua bandeji ya Baba, na harufu ni ile ile ya chumba chetu. Anasafisha, anapaka dawa, anampa vidonge. Nami nasimama mlangoni, nakiangalia kiganja cha Baba kimelala juu ya shuka. Hakiinuki.