Mkia wa Ngamia na Kiingereza cha Mume Wangu

Mume wangu alijua sentensi moja tu ya Kiingereza: It escaped my notice. Maana yake ni kwamba jambo limekupita na hukuliona. Aliiokota Garissa barazani, miaka ya tisini ikianza. Ofisa mmoja aliwasahau wazee nje kwenye jua asubuhi nzima, kisha akatoka, akatamka maneno hayo, na wazee wote wakapoa. Mume wangu akaona amepata dawa.

Tangu siku hiyo, nikimwambia maji yameisha, ananijibu Kiingereza. Mbuzi ametafuna mkeka, Kiingereza. Ulimi wake haukuipenda ile p, kwa hiyo ilitoka "iskebti mai notis", naye huku amenyoosha shingo kama ofisa mwenyewe. Sasa nimemaliza eda, nyumba imekuwa kimya mno, na sentensi hiyo bado hunichekesha nikiwa peke yangu.

Kuna mwaka haikunichekesha. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Kwetu, mwanamke huenda kumzaa mtoto wa kwanza kwa mama yake, na mama yangu alikuwa Griftu, mbele ya Wajir. Mvua ilikuwa karibu. Ikishanyesha, malori hukwama njiani wiki kwa wiki, na mimi ningejifungua Garissa bila mama. Lakini kumwambia mume, "Nina mimba, nipeleke kwetu," niliona haya. Nilikuwa bado bibi harusi. Nikangoja aone mwenyewe.

Na kazi yake ilikuwa udalali wa ngamia! Sokoni aliitwa kila saa. Akimsogelea ngamia jike, yule akipandisha mkia juu, yeye husema, "Huyu ana mimba changa, ongeza bei." Sikusikia amekosea. Nyumbani nilipita mbele yake dera limejaa upepo na mtoto, naye akauliza kama kuna sukari.

Jirani yangu, muuza maziwa, aliyaona yote hayo na akafurahi kupita kiasi.

"Abaayo," aliniambia, yaani dada, "kosa ni lako. Pandisha mkia!"

"Punguza sauti, atasikia."

"Asikie mara ngapi? Huyo mtoto atatoka, amfungulie baba yake mlango, ampe salamu, na baba atasema iskebti."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Alipoondoka nililia kidogo.

Jioni moja mawingu yalijaa upande wa Wajir. Watu walisema lori la kesho huenda likawa la mwisho. Nikamwekea mume wangu chai, nikasimama.

"Lori la kesho..." nikaanza.

"Linafika mpaka Griftu," akasema. "Utakaa mbele, kando ya dereva. Nimemwambia mashimo ayapite polepole. Samli ya mama yako iko chini ya kitanda. Hukuiona?"

Sikuiona. Nikainama. Dumu zima la samli, mahali ninapofagia kila siku.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kukimbia nje nikifukiza ubani."

"Na ukanyamaza?"

"Niliona haya," akasema, macho kwenye kikombe. "Nilingoja uniambie."

Basi nikanyoosha shingo.

"Iskebti mai notis," nikasema.

Chai ilimtoka puani. Alicheka hadi jirani akabisha mlango kuuliza kama kuna msiba.

Asubuhi alinipandisha kwenye lori, akaweka mto mgongoni pangu, akalifunga dumu la samli kwa kamba yake ya ngamia, akamkumbusha dereva mashimo. Lori lilipoanza kutembea nilitazama miguuni, nikaona dumu tu; nikachungulia nje, nikamwona yeye barabarani amesimama, na furushi langu la nguo zote liko begani kwake.

"Nguo zangu!" nikapiga kelele dirishani.

Alilitazama furushi, kisha akanitazama mimi. Vumbi lilikuwa limeshampita kichwa, lakini sauti yake ilinifikia vizuri sana, kwa Kiingereza.

Binti yetu alizaliwa Griftu, salama, mvua inanyesha, mama yangu amenishika mabega. Nilikuwa nimevaa dera lake.