Nati ya Usukani na Asali ya Ukweni

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si ya harusi yangu, Mungu anisamehe, wala si ile niliyofungua karakana hii ya Gongoni. Ni siku baba yangu alipoanguka na pikipiki mbele ya wakwe zake, na aliyemwangusha ni mimi.

Kaa hapo nikusimulie. Wewe umeshika spana juzi tu, na tayari nakuona unakaza kila nati inayopita mbele yako. Usinune. Mimi nilikuwa hivyohivyo, tena nilikuzidi mdomo.

Baba alikuwa katekista huko Ulyankulu. Alitoka Burundi kijana, akikimbia vita, akapewa shamba porini kama wenzake, akalima, akamwoa mama yangu, Mnyamwezi wa Kwihara. Alikuwa na pikipiki moja nyekundu, kuukuu, ambayo hata siku zile ilikuwa inaitwa ya zamani. Kwa pikipiki hiyo alizunguka vigango tisa, vile vikanisa vidogo vya udongo ambavyo padre hufika mara chache. Alisalisha Jumapili, alifundisha watoto, alizika wafu. Akirudi, nyuma alikuwa amefunga sanduku la vitabu na madumu ya asali aliyopewa na waumini. Ukimwambia baba yangu aache pikipiki, umemwambia aache kazi yake yote.

Mimi nilikuwa najifunza ufundi hapahapa mjini kwa mjomba Kasiano, kaka yake mama. Msichana fundi pikipiki enzi hizo! Watu walikuwa wanasimama barabarani kutazama tu. Wengine walimuuliza mjomba kama amekosa vijana wa kiume. Mjomba alikuwa anaendelea kufuta spana zake. Na mimi, badala ya kujifunza unyenyekevu kwake, nikajifunza majivuno. Nilitaka niwaonyeshe.

Basi baba akaja mjini kwa mkutano wa makatekista, akapita karakana. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, halafu akasema, "Mwanangu, usukani unatikisika. Nikifika mwendo kidogo, mikono yote inacheza ngoma."

Mjomba hakuwepo, alikuwa msibani Urambo. Ningemwambia baba asubiri mpaka arudi. Wapi! Nilishika usukani, nikautikisa, nikaona umelegea kidogo. Nikachukua spana kubwa, nikakaza ile nati ya juu, nikakaza tena, nikakaza mpaka jasho likanitoka. Nikaiendesha mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Kimya. Hakuna kutikisika hata kidogo.

"Imepona, Baba," nikasema, na nikaangalia huku na huku kama kuna aliyenisikia.

Baba akanishika kichwa, akanibariki, akafunga dumu la asali nyuma, akashika njia ya Kwihara kwenda kuwasalimia wakwe zake.

Sasa mwanangu, wewe unajua mambo ya ukweni. Mkwe ni heshima. Baba na bibi yangu, miaka yote ile, hawakuwahi kutazamana usoni. Wakiongea, kila mmoja alikuwa anaangalia pembeni. Mtu wa namna hiyo unafika kwake umenyooka, nguo safi, zawadi mkononi. Baba alifikaje? Kwenye mchanga ule mbele ya uwanja wa bibi alitaka kurekebisha usukani kidogo tu, kama tunavyofanya wote kwenye mchanga, usukani ukakataa. Akausukuma kwa nguvu, ukaruka wote upande mmoja. Pikipiki chini, baba chini, dumu limepasuka, asali imemwagika, kuku wamekuja mbio, nyuki nao hawako nyuma. Wakwe wote wako uwanjani. Bibi yangu, maskini, akageuka akaukabili ukuta ili asimwone mkwewe amelala chini. Alibaki ameukabili ukuta mpaka walipomwinua.

Walimrudisha mjini kwa baiskeli, bega limeshtuka, kiwiko hakina ngozi. Nilimkuta amekaa kitandani nyumbani kwa mjomba. Akaniangalia, akatabasamu kwa shida.

"Ni uzee, mwanangu," akasema. "Mikono imeishiwa nguvu. Pikipiki uliitengeneza vizuri, mimi ndiye nimeshindwa kuishika."

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia habari za ile nati. Badala yake nilisema, "Pole, Baba," nikaenda kumchemshia maji. Nakwambia ukweli, maji yale yalichemka mara tatu na mimi nimekaa palepale jikoni.

Kaka yangu Leonidas akasikia, akaja kutoka Ulyankulu. Alikuwa na nia njema. Akasema baba amefanya ya kutosha, pikipiki iuzwe, na vigango wapewe wengine. Akapata mnunuzi wa kuja kuichukua Jumamosi. Baba akakubali bila kubisha, na kilichonitisha ni hicho cha kutobisha. Mtu aliyevuka mpaka kwa miguu usiku na mdogo wake mgongoni, leo anasema sawa, uzeni.

Jumatano mjomba akarudi. Hakupiga kelele. Mjomba Kasiano akikasirika alikuwa anazidi kuwa mpole, na huo upole ulikuwa unaniumiza kuliko fimbo.

"Nani aliigusa mwisho?"

"Mimi, Mjomba."

"Ulifanya nini?"

"Nilikaza nati ya usukani. Ilikuwa inatikisika."

"Uliangalia nyuma?"

"Tatizo lilikuwa mbele."

"Umeinyamazisha," akasema. "Hujaitibu. Sasa nenda Kwihara ukaichukue. Hapana, usiiendeshe. Isukume kwa mikono mpaka hapa."

Nikataka kulia. Njia ile yote, mchanga ule, na chuma kile! Mjomba akachukua baiskeli yake twende wote. Njiani akaniambia, "Babu yangu alikuwa mpagazi. Njia hii aliitembea mpaka pwani, pembe ya ndovu begani. Alikuwa anasema mzigo hausimuliwi, unaubeba ukaujua."

Tukaichukua, nikaanza kusukuma. Mita chache tu za mchanga, na mikono yangu ikaanza kuelewa kitu ambacho spana haikuniambia. Usukani ukiwa umenyooka, ulikuwa unakaa kama umeingia shimoni. Nikitaka kuugeuza kidogo, hautaki. Nikiulazimisha, unaruka unapita nilipotaka. Nikasimama.

"Mjomba, kuna kitu kinaukamata hapa katikati."

"Eeh. Sasa pita nyuma, sukuma ukiwa umeshika keria."

Nikapita nyuma, na yeye akashika mbele. Ohoo! Mwanangu, gurudumu la nyuma lilikuwa linakata mauno. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, na mimi namwangalia mjomba, naona usukani mikononi mwake unafuata. Nyuma inayumba, mbele inatikisika. Nilicheka peke yangu pale njiani kwa aibu. Mkono ulikuwa unatetemeka, na ugonjwa ulikuwa kiunoni!

Karakanani tukaipandisha pikipiki juu ya kreti mpaka gurudumu la mbele likaning'inia. Mjomba akaniambia nilegeze ile nati yangu kidogo, niuachie usukani. Usukani wenye afya, ukiuachia, unaanguka wenyewe upande. Ule ulisimama katikati kama umepigiliwa msumari. Tukafungua. Grisi ilikuwa imegeuka udongo mkavu, na vile vikombe vinavyobeba gololi vilikuwa na mstari wa vishimo vidogovidogo. Nilipokaza nati nilizikandamiza gololi humo ndani ya vishimo, zikagoma kutoka. Mwenyewe nilikuwa nimemfungia baba usukani kwa kufuli.

Nyuma ndiko kulikuwa na kisa chenyewe. Kwenye springi za shokapu, baba alikuwa amepachika vipande vya tairi kuukuu, ili asali na sanduku visiishushe pikipiki. Ulyankulu nzima walikuwa wanafanya hivyo. Tumbaku, mahindi, asali, vyote vilibebwa kwa vipande vya tairi. Lakini springi isiyobonyea haibebi, inapitisha. Kila shimo la barabara lilikuwa linapiga moja kwa moja kwenye bushi za ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu. Nilizitoa zimekwisha, nyembamba kama karatasi. Nilishika gurudumu nikalisukuma pembeni kwa kidole kimoja, likaenda.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tulijenga kweli. Bushi mpya hazikuwepo mjini kwa pikipiki ya zamani vile, nikampelekea mzee mmoja wa kukereza vyuma, akazichonga kwa shaba. Vikombe na gololi nilivipata kwenye pikipiki iliyokufa, siku nzima nikichambua vyuma chakavu. Shokapu za mbele nikazibadilisha mafuta na sili. Vipande vya tairi nikavitupa mbali, nikahamisha sanduku la vitabu likae mbele zaidi, karibu na kiti. Na ile nati, jamani, ile nati! Nilikaza mpaka mchezo, yaani ule ulegevu, ukaisha, nikarudisha nyuma kidogo, nikauachia usukani. Ukaanguka kushoto. Nikauinua, nikauachia tena. Ukaanguka kulia. Niliruka, nikapiga kigelegele mwenyewe, na majirani wakatoka kuuliza nani amejifungua.

Ijumaa jioni mjomba aliishika pikipiki kila mahali, akaivuta, akaitikisa, akaridhika. Halafu akanawa mikono.

"Pikipiki tumemaliza," akasema. "Bado fundi."

Nilijua anachosema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi maradhi yangu nilikuwa nimemficha baba siku kumi nzima.

Jumamosi asubuhi karakanani, mnunuzi yupo, Leonidas yupo, baba amekaa kwenye stuli, mkono ameushikilia na mwingine. Nikapiga magoti mbele yake kwenye mafuta yale ya chini.

"Baba, hukuanguka kwa uzee. Nilikaza nati nisiyoijua. Nilikuona umekaa kitandani unajilaumu, nikanyamaza."

Nilingojea anigombeze. Baba hakunigombeza. Alifungua viganja vyake viwili, akaviangalia muda mrefu, huku na huku, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichopotea.

"Kwa hiyo si mikono yangu?"

"Si mikono yako, Baba. Ni mikono yangu."

Mwanangu, mzee yule alisimama! Alisimama kama kijana wa kipaimara. Machozi yanamtoka na anacheka. "Leonidas, umesikia? Si mikono yangu!" Akamgeukia mnunuzi. "Samahani sana, ndugu yangu. Umechoka bure. Karibu uji, lakini pikipiki hii ina safari." Mnunuzi mwenyewe akacheka. Leonidas alitaka kubisha, akaona ule uso, akaenda kuleta dumu jipya la asali.

Baba akapanda, nami nikapanda nyuma. Tukafunga dumu, sanduku limejaa, uzito wote ule ule. Tukatoka Gongoni, mjomba nyuma na baiskeli yake. Kwenye mashimo nyuma ilibonyea na kuinuka, ikipumua vizuri. Baba akaongeza mwendo. Mikono imetulia. Akaongeza tena. Akaachia mkono mmoja akawapungia wanawake waliokuwa wanatoka kuchota maji, mimi nikapiga kelele, "Baba, mikono miwili!" naye akajibu, "Kaa kimya, fundi!"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa neno hilo, fundi.

Tukaingia ule mchanga wa mbele ya uwanja wa bibi, mlemle. Nikafumba macho. Nilisikia tairi linazama kidogo, usukani ukaenda kushoto, ukarudi, ukaenda kulia, ukarudi, laini, na injini ikazimika. Nikafumbua. Tulikuwa tumesimama mbele ya mlango, tumenyooka wima, na dumu halijadondosha hata tone. Wakwe wote wakapiga makofi. Na bibi yangu, aliyekuwa amesimama nje, akageuka haraka akaukabili ukuta kwa heshima ya mkwewe, kisha hukohuko ukutani akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Baba alizunguka vigango vyake tisa miaka mingine mingi baada ya hapo. Aliacha siku aliyotaka mwenyewe.

Sasa sikia, maana ndiyo sababu nimekukalisha. Panapotikisika si kila mara ndipo panapouma, kwa hiyo shika mbele, shika nyuma, na muulize mwenye pikipiki anabeba nini na anapita wapi. Usikaze kitu ili kinyamaze. Utakosea tu, mimi bado nakosea na mvi zangu hizi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini ukikosea, sema siku hiyohiyo. Kosa ukilificha halibaki bila mwenyewe, mwanangu. Mtu mwingine atalichukua alivae, atadhani ni lake, na huenda akawa ndiye unayempenda.

Haya, inuka. Ile pikipiki uliyoikaza jana, mwenyewe bado hajaja kuichukua, na ukiwahi utamkuta nyumbani. Nenda kamwambie. Mungu aiongoze mikono yako iwe miepesi kwenye nati na ulimi wako uwe mwepesi kwenye kweli, na kila uliyemtengenezea afike ukweni akiwa wima.